Rupia 700, mifupa ya bucha na profesa aliyefungua kiwanda

KILA ninapokaa na wasindikaji wadogo, mazungumzo hufika mahali pamoja: mtaji. Benki haikopeshi, riba ni kubwa, dhamana hakuna. Yote hayo ni kweli na sina ugomvi nayo. Lakini ukiwaacha waendelee kusema, utasikia jambo la pili, linalosemwa kwa sauti ya chini kidogo. Mama mmoja anayetengeneza siagi ya karanga alinisimulia kuwa alipeleka chupa zake kwenye duka moja kubwa mjini. Mwenye duka akaonja, akasifu, kisha akamrudishia mzigo wake. Wateja wangu, akasema, wanataka ile ya kutoka nje, ndiyo wanayoijua.

Huyo mama hakukosa mtaji. Bidhaa alikuwa nayo mkononi, tena nzuri. Kilichokosekana ni mtu wa kuiamini.

Tatizo hili lilimkuta mtu mmoja wa Bengal, India, zaidi ya miaka 130 iliyopita, na kwa mtazamo wangu namna alivyolishughulikia inamfaa msomaji wa kurasa hizi kuliko semina nyingi za ujasiriamali nilizowahi kuhudhuria. Jina lake ni Prafulla Chandra Ray. Wahindi wengi humwita baba wa kemia ya kisasa nchini mwao, na mitaala huko humtaja kwa nitriti ya zebaki, mchanganyiko alioutangaza mwaka 1896 ambao wanakemia wengi walidhani hauwezi kutengemaa. Mimi leo nataka kumzungumzia kama mfanyabiashara mdogo, maana hivyo ndivyo alivyoanza.

Alizaliwa Agosti 2, 1861 katika kijiji cha Raruli, sehemu za Khulna, eneo ambalo leo liko Bangladesh. Baba yake, Harish Chandra Ray, alikuwa mwenye ardhi na mpenda vitabu. Mwaka 1870 familia ilihamia Calcutta, mji ambao siku hizi unaitwa Kolkata. Mwaka 1874 kijana aliugua kuhara damu vibaya sana hata akaacha shule kwa karibu miaka miwili, na tumbo lake halikupona sawasawa hadi uzeeni. Alikula kwa kipimo maisha yake yote. Mwaka 1882 alipata ufadhili wa masomo, akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi, akarudi mwaka 1888 akiwa na shahada ya udaktari wa sayansi.

Akarudi, na kazi hakuna. Karibu mwaka mzima alikaa bila ajira, sehemu ya muda huo nyumbani kwa rafiki yake Jagadish Chandra Bose, mwanafizikia aliyekuja kupata sifa kwa utafiti wake wa mawimbi ya redio na wa mimea. Serikali ya kikoloni ilikuwa na ngazi mbili za walimu wa vyuo: ya juu kwa Waingereza, ya chini kwa wenyeji, hata kama shahada ni ile ile kutoka chuo kile kile. Mwaka 1889 Ray alipewa nafasi ya muda katika Chuo cha Presidency, Calcutta, kwa mshahara wa Rupia 250 kwa mwezi. Msomaji wa pwani atakumbuka kuwa rupia hiyo hiyo ya India ilikuwa pesa ya biashara hata Unguja katika miaka hiyo.

Kabla ya kufika kiwandani, kuna kazi moja ya mwanzo ambayo wengi huipita haraka, na mimi naona ndiyo iliyobeba yote yaliyofuata. Ray alianza kuchunguza samli na mafuta ya haradali, vitu viwili ambavyo jiko la Kibengali haliwezi kwenda bila hivyo. Sokoni Calcutta vilikuwa vikichanganywa: samli na mafuta mengine ya wanyama, haradali na mafuta ya bei rahisi. Kila mtu alijua, hakuna aliyeweza kuthibitisha. Ili kujua samli chafu ikoje, sharti kwanza ujue samli safi ikoje, na samli ya dukani haikuweza kuwa kipimo. Kwa hiyo alihakikisha ng'ombe na nyati wanakamuliwa mbele ya macho yake, siagi inapatikana chini ya usimamizi wake, na mbegu za haradali zinakamuliwa yeye akiwapo. Ndipo akapima. Matokeo aliyachapisha mwaka 1894 katika jarida la Jumuiya ya Asia ya Bengal, baada ya kazi ya miaka kadhaa.

Hii ni kazi ya kuchosha isiyo na sifa yoyote. Hakuna anayepewa medali kwa kukamua ng'ombe. Lakini mtu aliyejifunza usafi wa bidhaa kwa namna hiyo ana kitu ambacho mshindani wake hana: anajua, kwa tarakimu, kilichomo ndani ya chupa yake.

Katika miaka hiyo hiyo lilikuwa linamsumbua jambo jingine. Vijana wa Kibengali waliosoma walikuwa wanakimbilia ukarani na uwakili. Shahada ilikuwa tiketi ya kiti ofisini, na viti vilikuwa vimejaa. Wakati huo huo dawa, asidi na sabuni vilikuwa vinashuka bandarini kutoka Ulaya, na malighafi zilikuwa zinapanda meli kwenda huko. India ilikuwa inauza mifupa nje kwa meli, ndugu msomaji. Mifupa! Ikifika Ulaya inasagwa kuwa mbolea. Ray alikasirishwa na hilo, na hasira yake aliiweka katika hesabu badala ya kuiacha katika mazungumzo ya kahawani.

Hesabu za mwanzo zilimkataa. Alijaribu kutoa asidi ya sitriki kutoka kwenye malimau, akakuta malimau ya Calcutta si mengi wala si rahisi kiasi cha kulisha kiwanda. Akaangalia udongo wa magadi ambao madobi wa Kihindi waliutumia tangu enzi, akafikiri ataisafisha iwe soda ya viwandani. Soda ya kampuni ya Kiingereza ya Brunner Mond ilikuwa tayari imejaa sokoni kwa bei ambayo hakuweza kuifikia. Akaacha. (Kampuni hiyo hiyo iliingia kwetu baadaye, ilipouchukua mradi wa Ziwa Magadi, Kenya, mwaka 1924. Na dunia ni duara: mwishoni mwa 2005 ilinunuliwa, pamoja na Magadi yake, na Tata Chemicals ya India.)

Napenda sana hatua hiyo ya kuacha. Wajasiriamali wetu wengi hushikilia wazo la kwanza kwa sababu wameshalitangaza kwa ndugu na majirani. Ray alikuwa profesa mwenye shahada ya Edinburgh, na alishindwa mara mbili na bei ya soko kabla hajauza hata chupa moja. Hakuona aibu.

Ndipo akaigeukia mifupa.

Njia yenyewe ilikuwa inajulikana. Tangu mwaka 1842 John Bennet Lawes, mwenye shamba huko Uingereza, alikuwa na hataza ya kutengeneza mbolea ya superfosfeti kwa kutibu mifupa na madini ya fosfeti kwa asidi ya salfa. Mfupa mzima ukiutupa shambani unakaa miaka, mmea haupati kitu. Asidi huifungua fosfeti ili iyeyuke katika maji na mizizi iweze kuinywa. Ray alitaka kwenda hatua moja mbele: achome mifupa iwe majivu, majivu ayatibu kwa asidi ya salfa iliyokuwa ikitengenezwa pale pale Calcutta, apate superfosfeti, kisha kwa kutumia soda aigeuze kuwa fosfeti ya soda, ambayo madaktari waliiandika kama dawa. (Asijaribu mtu asidi hiyo nyumbani. Inachoma nyama hadi mfupa.)

Alinunua magunia ya mifupa mibichi kwa wachinjaji, akaianika juu ya paa la nyumba aliyopanga, namba 91 barabara ya Upper Circular. Ilikuwa majira ya baridi, wakati ambao Calcutta kwa kawaida haina mvua. Mwaka huo ikanyesha, na ikaendelea. Nyama iliyobaki kwenye mifupa ikaoza, funza wakajaa, kunguru wakaja kwa makundi na kudondosha vipande katika nyua za majirani. Majirani wenyewe ni Wahindu wa kuheshimika, na mifupa mingi ni ya ng'ombe! Wakamwambia aiondoe mara moja, la sivyo wanakwenda kwa bwana afya. Akaihamishia Maniktala, nje kidogo ya mji, akairundika na kuichoma usiku. Polisi wakaona moto, wakaja mbio wakidhani kuna mtu ameuawa na maiti inateketezwa ili kuficha ushahidi. Ilibidi lundo lichokolewe kwa mti mrefu waone kuwa ni mifupa ya mifugo tu.

Profesa wa chuo cha serikali, usiku, anahojiwa na polisi kando ya lundo la mifupa. Sijui wangapi kati yetu wenye vyeti tungekubali kuonekana hapo.

Majivu yalipokuwa meupe na safi, alikuwa na desturi ya kuchukua kidogo na kukitia kinywani mbele ya wanafunzi. Aliwaonyesha kuwa moto umekwisha kuondoa kila kitu cha mnyama, kilichobaki ni kemikali. Katika jamii ile, kitendo hicho kilihitaji moyo mgumu kuliko kuhojiwa na polisi.

Kiwanda kilianza mwaka 1892 kwa jina la Bengal Chemical Works, na mtaji ulikuwa Rupia 700. Linganisha na mshahara wake: haifiki miezi mitatu. Lakini hiyo haikuwa pesa ya ziada, kwa sababu sehemu ya mshahara ilikuwa inakwenda kulipa madeni ya mzee wake, ambaye ardhi yake ilikuwa imeanza kuliwa na wadai. Ray alifundisha mchana, akirudi nyumbani jioni anavaa nguo nyingine na kuingia kwenye chupa.

Sasa tufike pale alipofika yule mama wa siagi ya karanga. Bidhaa zikawa tayari, zimetengenezwa kwa kufuata kitabu cha viwango vya dawa cha Uingereza, kile kile kilichotumiwa na viwanda vya London. Wenye maduka ya dawa wa Calcutta wakazishika, wakazigeuza, wakauliza lebo ya Kiingereza iko wapi. Mteja hataki dawa iliyochemshwa na Mbengali nyuma ya nyumba.

Aliyelivunja jiwe hilo si Ray. Ni rafiki yake, Dk. Amulya Charan Bose, tabibu mwenye wagonjwa wengi. Amulya hakwenda madukani kubembeleza. Alianza kuwaandikia wagonjwa wake mwenyewe dawa za Bengal Chemical, kisha akawashawishi madaktari wenzake waandike. Mgonjwa akija dukani na cheti cha daktari, mwenye duka hana la kusema, analazimika kuagiza. Na daktari haandiki mara ya pili kama mara ya kwanza mgonjwa hakupona, hivyo kazi ya Ray ikawa kuhakikisha chupa ya mia moja ni sawasawa na chupa ya kwanza.

Amulya aliongeza jambo jingine la akili. Badala ya kiwanda kuiga dawa za Ulaya peke yake, kitengeneze pia dawa za miti ambayo waganga wa jadi wa Kihindi waliijua: majani ya vasaka kwa kikohozi, kalmegh kwa tumbo na ini, maji ya mbegu za ajwain yaliyouzwa kwa jina la Aqua Ptychotis. Mmea ni wa kienyeji, mgonjwa anaujua tangu utotoni, lakini sasa umo ndani ya chupa yenye kipimo kinachojulikana. Huko mshindani wa London hakuwa na la kufanya.

Nilipomweleza yule mama habari hii, nilimwuliza ni nani anayekula siagi yake kwa sasa. Alinitajia shule mbili za chekechea zinazowapa watoto mkate asubuhi. Nikamwambia basi hao ndio madaktari wake. Achane kwanza na lile duka kubwa.

Mambo hayakwenda kwa furaha tu. Mwaka 1898 tauni iliingia Calcutta na Dk. Amulya akafa kwa ugonjwa huo. Mwanakemia kijana aliyeungana nao, Satish Chandra Sinha, shemeji wa Amulya, alikufa kwa ajali ya sumu akiwa kazini. Ray akabaki peke yake na kiwanda, na madarasa, na utafiti. Wengi wangefunga.

Mwaka 1901 alifanya jambo ambalo wafanyabiashara wetu wa kifamilia hulikwepa. Aliigeuza biashara kuwa kampuni ya hisa, Bengal Chemical and Pharmaceutical Works, akaruhusu watu wengine wawe wenye mali. Mwaka 1903 aliajiriwa mwanakemia kijana, Rajshekhar Basu, ambaye muda si mrefu akawa meneja na kukiendesha kiwanda kwa miaka mingi. (Huyu Basu alikuwa pia mwandishi wa hadithi za kuchekesha na mtunga kamusi ya Kibengali. Sijui alilala saa ngapi.) Profesa akabaki na kemia, meneja akabaki na hesabu. Mwaka 1905 kiwanda kikubwa kilijengwa Maniktala, kule kule alikochomea mifupa, na mwaka 1920 kingine Panihati. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipoziba njia za meli, hospitali zilizokuwa zikisubiri dawa za Ulaya zililazimika kutazama karibu, na karibu palikuwa na kiwanda.

Hapa lazima niseme mahali ambapo simfuati. Ray hakuoa, hakujenga nyumba, aliishi katika chumba cha chuo akizungukwa na wanafunzi. Gandhi alipojulishwa kwake na Gokhale mwanzoni mwa karne iliyopita, aliambiwa kuwa profesa huyu anapokea Rupia 800 kwa mwezi na kujibakizia 40, nyingine zinakwenda kwa shughuli za umma. Mwaka 1921, alipofikisha miaka 60, alikiachia Chuo Kikuu cha Calcutta mshahara wake wote wa miaka iliyobaki. Ni sifa kubwa. Lakini mwenye genge, mwenye mashine ya kukoboa au mfuga kuku akimwiga atafilisika. Kiwanda cha Ray kiliweza kukaa miaka bila kumlipa kwa sababu chuo kilikuwa kinamlipa. Mfanyabiashara asiyejiwekea mshahara hajui kama anapata faida au anakula mtaji, na nimeona maduka mengi yakifa hivyo huku mwenyewe akijisifu kuwa hachukui kitu.

Pia sikumwelewa kwenye suala la gurudumu la kusokotea pamba. Mtu aliyejenga vyumba vya asidi ya salfa alizunguka vijijini akiwahimiza watu wasokote uzi kwa mkono, kama Gandhi. Watetezi wake husema alikuwa anamfikiria mkulima anayekaa bure miezi kadhaa kati ya mavuno na msimu ujao, na hilo alikuwa ameliona kwa macho. Mwaka 1921 njaa iliikumba Khulna, nyumbani kwao. Mwaka 1922 mafuriko makubwa yaliharibu kaskazini mwa Bengal, na Ray akawekwa kuongoza kamati ya misaada iliyokusanya karibu Rupia milioni 2.5 kwa pesa taslimu na vitu. Watu walichanga kwa sababu jina lililokuwa kwenye kamati lilikuwa lake. Ni ule ule uaminifu wa chupa, sasa umehamia kwenye mfuko wa mchango.

Wakulima wasifikiri kuwa aliwasahau baada ya mifupa. Mwanafunzi wake Nil Ratan Dhar alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kule Allahabad akichunguza rutuba ya udongo, na alisisitiza mabaki ya mimea yarudishwe shambani pamoja na fosfeti. Mwingine, Jnanendra Nath Mukherjee, bingwa wa kemia ya udongo wa mfinyanzi, alikuja kuongoza taasisi kuu ya utafiti wa kilimo huko Delhi.

Ray alifariki Juni 16, 1944, akiwa na miaka 82, ndani ya chumba kile kile cha chuo. Kampuni yake ilimpita umri, lakini si kwa afya njema. Ilidhoofika, serikali ya India ikachukua uendeshaji mwaka 1977 na kuitaifisha mwaka 1980, na kwa miongo kadhaa ikawa inaandika hasara hadi ilipotangaza faida katika mwaka wa fedha wa 2016/17. Wapo waliolaumu siasa, wapo waliolaumu mashine kuukuu na bidhaa zisizobadilika. Dawa yake ya kusafishia sakafu, yenye nembo ya taa, bado inauzwa, na wateja wanaoichukua hawaulizi lebo ya London.